Chiriku Hataki Kula

Jumapili, 6 Julai

Mazoezi ya asubuhi. Pumzi kwanza, kama kawaida. Ustadhi Hamdani anagonga fimbo sakafuni, sisi tunashusha pumzi mpaka aseme basi. Wenzangu wote walikatika. Nilibaki peke yangu, nashusha tu. Ustadhi akatabasamu, jambo ambalo halifanyi bure.

Sauti iko sawa. Nyembamba, safi, haina mkwaruzo. Naijaribu kila nikiamka, kabla sijamwamkia mtu. Leo ilipanda hadi juu kabisa bila kusukumwa.

Jana tuliimba kaswida kwenye harusi Mwandiga. Nilipoingia ubeti wa tatu wanawake waliacha hata kuwabembeleza watoto wao. Mzee mmoja alilia. Mimi silii. Mimi ndiye ninayeliza watu.

Baadaye pilau. Nilikuwa sinia moja na wapiga dufu. Mama mmoja mwenye ushungi wa njano alipita, akanifinya shavu, akamwambia mwenzake: "Huyu wasimnenepeshe. Akinawiri tu, besi hiyoo, uchiriku umekwisha." Wakacheka.

Alikuwa anatania. Lakini nilimtazama binamu yangu Hamisi, aliyekuwa anamega nyama upande wa pili. Kabla yangu Hamisi ndiye alikuwa mwimbaji wa mbele. Mla mzuri. Akarefuka, akatanuka mabega, siku moja akafungua kinywa ikatoka sauti ya ng'ombe. Sasa anapiga dufu. Hakuna anayemwita kwa jina la ndege.

Mimi naitwa Chiriku. Mwezi uliopita nilitimiza miaka kumi na minne.

Niliiacha pilau.


Alhamisi, 10 Julai

Nimefunga. Jumatatu nilifunga pia. Sunna.

Mama amefurahi mno. Mama ni Muha wa Kidahwe, akifurahi Kiswahili kinamtoroka. "Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Akampigia Baba, ambaye yuko Kalemie na boti ya mizigo. Baba akaniombea dua kwa sauti kubwa mpaka simu ikakwaruza. Ustadhi alinisimamisha mbele ya madrasa nzima. Tazameni, akasema. Umri mdogo, sifa zote hizi, na bado anafunga.

Nilisimama wima. Nilijiona mrefu kuliko mnara wa msikiti.

Humu nitasema kweli, maana humu hasomi mtu. Sifungi kwa ajili ya Mungu. Nafunga ili nisikue.


Jumanne, 15 Julai

Video ya harusi imetembea. Mjomba aliyeko Bujumbura ametumiwa na watu asiowajua. Bodaboda wa Mwanga wananipigia honi: Chiriku! Chiriku wa Ujiji! Shuleni mwalimu wa hesabu, ambaye mpaka juzi hakulijua jina langu, amenipa kiti chake nikae.

Nilikaa.


Jumamosi, 26 Julai

Amekuja mtu kutoka Dar es Salaam. Ana studio. Amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Anataka kurekodi Maulidi yetu ya Mfungo Sita, halafu anipeleke nikaimbe huko kwao. Mama alimwandalia chai na vitumbua, akawa anajipangusa mikono kwenye khanga hata isipokuwa na maji.

Yule mtu alisikiliza ubeti mmoja tu. Kisha akamwambia Ustadhi, siyo mimi: "Sauti kama hii haidumu. Tuiwahi."

Tuiwahi. Kama dagaa ambao hawajapata jua.

Nitamwonyesha. Watu wanadhani kukua ni kazi ya Mungu na mifupa, wewe unakaa tu unangoja. Mimi nimegundua tumbo langu linanitii. Likilalamika naliambia nyamaza, linanyamaza. Hamisi hakuweza hilo. Madrasa nzima wakisikia harufu ya maandazi wanasahau aya. Mimi sisahau. Chakula cha shuleni nakigawa. Wanagombania, wananiona karimu.

Nina nguvu ambayo wao hawana. Najivunia. Naandika hivyo hivyo: najivunia.


Jumatano, 6 Agosti

Baba amerudi. Mama akapika migebuka, samaki wa ziwani kwetu, kwa mawese na ugali wa muhogo. Hakuna chakula ninachokipenda kama hicho. Harufu niliipata tangu njiani.

Leo sikufunga. Sikuwa na kisingizio. Nilikaa na Baba kwenye mkeka. Nikamega tonge, nikachovya. Nikashindwa kuliinua.

Sikukataa. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Nilitaka. Mkono ndio uliokataa. Moyo ulienda mbio kama nimeambiwa nimeze jiwe la moto.

Nikasema tumbo linauma. Baba alinitazama. Baba ana mwili mkubwa. Pale Kibirizi maboti yanakoshushia, wapagazi wanamwita Tingatinga. Nyumba yetu inasifika kwa sinia lisilofunikwa: mgeni akipita, anakaribishwa. "Kula," akasema. "Watu wasije wakasema mtoto wa Mrisho hashibi kwao."

Nikala kidogo. Kisha nikaenda uani nikalia. Mimi, nisiyelia. Na nililia kwa sababu nilikuwa nimekula.

Hiyo siyo nguvu. Sijui ni nini.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Nilitaka kuikata. Nimeiacha.


Jumapili, 17 Agosti

Baridi. Watu wanajipepea, mimi nina sweta. Nikivua kofia nywele zinabaki ndani. Kutoka mwaloni, boti zinakofikia, kupanda nyumbani Buzebazeba nilisimama njiani kila mahali penye kivuli, najifanya natazama ziwa.

Mazoezi mabaya. Ubeti mrefu ulinikata. Pumzi ziliisha kabla ya neno la mwisho. Ustadhi akasema rudia. Ukanikata tena. Hapo akamgeukia Mwanaidi. Huyu ni mtoto wa jirani yetu, miaka tisa, ana pengo mbele, akiimba anatoa macho kama kaona nyoka. "Hebu mshikie kaka yako mwisho."

Akaushika. Akaushika mpaka Ustadhi akasahau kusema basi.

Namchukia. Hana kosa lolote. Namchukia hata hivyo. Msichana hapati besi. Atakuwa chiriku mpaka azeeke, bila jasho.

Halafu ananiiga. Nikiweka kiganja sikioni, naye kiganja. Nikikaa kwa kukunja mguu mmoja, naye mguu. Wakati wa chakula anakaa karibu yangu na ananitazama mikono.


Jumatatu, 25 Agosti

Mfungo Sita umeingia. Nimeota nakula. Nikaamka na hofu, nikajaribu sauti. Ipo.

Mama aliingia nikiwa nabadilisha shati. Macho yakamwishia kwenye mbavu zangu. Akatoka. Nilimsikia jikoni amekaa tu, sufuria hazilii.


Alhamisi, 4 Septemba

Kesho kutwa ndiyo Maulidi. Bango limebandikwa sokoni Mwanga. Uso wangu ni mkubwa kuliko wa Ustadhi. Nilikwenda kujitazama, sioni aibu kusema. Picha ilipigwa mwezi wa tano, mashavu bado yapo.

Muuza nyanya aliitazama picha, akanitazama mimi. "Huyo ni ndugu yako?"

Nikamjibu ndiyo.

Mama amesema nisifunge leo. Baba amesema nisifunge. Nimefunga. Sikuwajibu vibaya. Niliwaambia nimeweka nadhiri. Dini inanyamazisha wazazi haraka sana. Hilo nalo nimeligundua.


Jumatatu, 8 Septemba

Naandikia kitandani, hospitali kubwa ya mjini. Mkono mmoja una dripu, mwandiko ni huu.

Jumamosi alasiri. Uwanja umejaa hadi barabarani. Watu wamevuka ziwa kuja. Kamera za yule mtu wa Dar es Salaam zimesimama kwenye miguu ya chuma. Wanaume mbele, Baba katikati yao, kajipaka udi mpaka harufu ikanifikia jukwaani. Nilisimama. Dufu zikaingia chini kwa chini.

Niseme hili kwanza kabla ya mengine. Ubeti wa kwanza niliuimba kama sijawahi kuimba maishani. Ulitoka wenyewe. Uwanja ule wote, na hakuna aliyekohoa. Hata kama sitaimba tena, ubeti ule ni wangu na hakuna wa kuninyang'anya.

Ubeti wa pili taa za kamera zikawa nyeusi. Sijui taa inakuwaje nyeusi. Nikaanguka. Mwanaidi alipiga kelele.

Kisha nikasikia sauti moja tu. "Pisheni! Pisheni njia!" Hamisi. Ile sauti ya ng'ombe. Ilipasua watu kama panga kwenye majani ya migomba. Alinibeba mabegani mpaka kwenye gari, anaendelea kunguruma, watu wanaachia njia. Kwa sauti nyembamba wasingepisha. Nililiwaza hilo nikiwa begani kwake. Halafu sikuwaza kitu.


Jumatano, 10 Septemba

Daktari ni dada wa umri mdogo tu, ana sauti ya upole na hacheki ovyo. Aliwaomba Mama na Baba watoke. Nilidhani ataniuliza kwa nini sili. Kila mtu ananiuliza hivyo. Yeye akauliza: "Unaogopa nini kitatokea ukila?"

Kisha nikamwambia. Sauti. Hamisi. Kukua. Nilisema yote, hata kuhusu sunna. Mbele ya mtu mwenye koti jeupe yalisikika mambo ya kitoto. Hakucheka.

Akasema mwili wenye njaa unajila wenyewe. Misuli ya kuvutia pumzi, nayo inaliwa. Moyo nao ni msuli. Akasema sauti yangu itabadilika siku yake ikifika na hakuna mtu aliyewahi kuizuia akabaki salama. Nilichokuwa nachezea, akasema, ni uhai. Akasema huu ni ugonjwa, unatibika, siyo jini wala ukaidi, na ule mkono uliokataa kuinua tonge ndio ugonjwa wenyewe. Nitakuwa nakuja kila wiki, kwake na kwa mshauri.

Nilikasirika. Halafu nilipumua. Kumbe kitu hiki kina jina: ugonjwa.

Baba aliingia kifua mbele, kama anataka kupigana na mtu. "Daktari, mwanangu hakosi chakula kwangu. Andika hivyo."

"Najua, mzee," Daktari akasema. "Ugonjwa huu unaingia hata nyumba yenye ghala."

Baba akakaa. Sijawahi kumwona akikaa bila kukaribishwa.

Jioni uji ulikuja. Wodi imejaa watu, wake kwa waume, wengine wanamjua. Baba akachukua kijiko. Tingatinga. Akanilisha mbele yao wote, polepole, kila kijiko anakipuliza kwanza. Nilimeza kwa sababu yake. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ubeti wowote.


Jumapili, 21 Septemba

Nyumbani. Sheria mpya: nakula Mama akiwa amekaa mbele yangu, na nikimaliza hainuki mtu. Nachukia. Nachukia jinsi anavyojifanya anachambua mchele huku anahesabu matonge yangu kwa macho. Jana nilimpigia kelele. Akaendelea kuchambua.

Leo kaja Ustadhi Hamdani. Alivua kofia, ambayo huwa haivui. Akasema mgonjwa ameruhusiwa asifunge hata Ramadhani, seuze sunna. "Kuanzia leo nakukataza mpaka daktari aseme. Ukifunga unaniasi mimi." Kisha akasema: "Nilikusimamisha mbele ya watoto nikakusifu, na mwili wako uko mbele ya macho yangu sikuuona." Nilitazama ukutani. Amenipokonya silaha yangu na bado nimemhurumia.

Yule mtu wa Dar es Salaam hapokei simu. Video ya mimi kuanguka imetembea kuliko ile ya harusi. Wanaandika nimerogwa. Wanaandika wazazi wangu wananinyima chakula ili nibaki mtoto wawapatie hela.

Hilo la pili limemfikia Baba.


Jumatano, 24 Septemba

Hili nimesimuliwa na Hamisi, alikuwepo.

Baba alikwenda barazani baada ya swala ya alasiri, pale wazee wanapochezea bao. Hakukaa. Akasema: "Mwanangu Yasini anaumwa. Ugonjwa wake ni kushindwa kula. Siyo uchawi, na nyumbani kwangu sufuria haijalala juu chini hata siku moja. Anatibiwa. Mwenye swali aniulize mimi, asiniulizie mtandaoni."

Hamisi anasema wazee waliziacha kete. Mzee mmoja akauliza kama anaendelea vizuri. Baba akajibu: "Anapigana."

Nimeliandika hapa ili nisilisahau. Baba yangu, ambaye aliogopa kuliko vitu vyote watu waseme mtoto wake hashibi, amekwenda kusema mwenyewe.

Usiku huu nimemaliza sahani.


Jumamosi, 11 Oktoba

Imetokea.

Asubuhi, kabla sijamwamkia mtu. Nilipandisha kama kawaida. Ikafika nusu, ikateleza, ikaangukia chini, ikatoa sauti ya mlango mbovu. Nikajaribu tena. Tena. Kila safari mlango mbovu.

Nilijifungia chumbani. Mama alibisha, nikamwambia niache, na hilo "niache" lilitoka kwa sauti mbili, moja ya mtoto na moja ya mtu nisiyemjua. Alisita mlangoni. Akasema, "Chai iko mezani." Akaenda.

Kwa hiyo Chiriku amekufa. Niliteseka vile na amekufa hata hivyo.

Nililia. Nina haki.

Saa nne nikatoka nikanywa chai. Imepoa. Nilikunywa kwa sababu sikuwa na sababu tena ya kutokunywa. Na hofu ilikuwepo vilevile! Hilo limenishangaza sana. Sauti imeshakwenda, hakuna cha kulinda, na bado kitumbua kinanitisha. Ndipo nimemwelewa Daktari. Ugonjwa ulijificha nyuma ya sauti. Sauti imeondoka na umebaki umesimama wazi, hauna nguo.


Jumanne, 14 Oktoba

Sokoni. Vijana wa bodaboda: "Chiriku, tuimbie!" Nikawaimbia mstari mmoja. Nilitaka yaishe. Sauti ikavunjika palepale, wakacheka mpaka mmoja akalalia usukani.

Sikukimbia. Nilitembea. Nilinunua chumvi niliyotumwa nikarudi na chenji kamili.


Jumamosi, 25 Oktoba

Mama yake Mwanaidi amekuja kwetu. Alikaa na Mama uani, nami nilikuwa dirishani kwa ndani. Mwanaidi ndiye mwimbaji wa mbele sasa. Wamemrekodi, naye ameanza kutembea kwenye simu za watu. Anasifiwa hadi Kasulu.

Mama yake akasema mtoto hali. Anaondoa sahani pembeni. Akiulizwa anajibu: "Chiriku hali, na mimi sili. Ndiyo sauti inapanda."

Mimi nilikaa sakafuni.

Miaka tisa. Ana pengo.

Mama yake alikuwa haombi chochote, alikuwa anatapika tu uchungu. Lakini alipoinuka alisema, "Labda kaka yake akimwambia." Mama akasema bado sijawa tayari kurudi kwa wenzangu, nisisumbuliwe. Ni kweli. Tangu Maulidi sijakanyaga madrasa. Kula mbele ya Mama naweza. Kula mbele ya watu walioniona nikianguka, wanaohesabu mbavu zangu kwa macho, hapana.

Kumwambia hakutasaidia. Mimi niliambiwa na kila mtu.


Jumapili, 26 Oktoba

Nimekwenda.

Sikuwaaga vizuri nyumbani, nilisema tu nakwenda madrasa. Baba akainuka anisindikize, Mama akamvuta kanzu. Nilifika wakati mazoezi yanakwisha. Mwanaidi alikuwa mbele, macho yametoka, kiganja sikioni. Anaimba vizuri. Niseme haki: ubeti mrefu anaushika kuliko nilivyoushika mimi siku zangu nzuri. Ila shingo yake. Nilijua shingo ile, nimeitazama kwenye kioo.

Chakula kikaletwa. Ugali wa muhogo, dagaa kwa mawese. Watoto wakazunguka masinia. Walioniona wakaanza kusukumana viwiko. Mwanaidi alikaa mwisho wa mkeka, mikono mapajani.

Nikaenda pale. "Sogea."

Akashtuka, kisha akacheka, pengo lote nje. "Kaka Yasini, sauti yako kama ya Hamisi!"

"Ndiyo. Nawa mikono."

"Mimi sili. Na wewe huli."

Nikanawa. Nikamega. Hapo mkono ukaanza mambo yake. Moyo mbio. Madrasa yote kimya, ukimya uleule wa Maulidi, wa watu wanaongoja. Niliwahi kuupenda sana ukimya ule. Nikachovya. Nikainua. Nikaweka mdomoni nikatafuna mbele yao wote. Machozi yalinitoka, sikuyafuta, mikono ilikuwa na mawese. Nikameza. Nikamega jingine.

Hamisi alikuwa sinia la jirani. Alivuta sinia lake likagusana na letu akaanza kula, na wapiga dufu wenzake wakasogea. Ustadhi aligeukia ukutani kama anasoma ratiba. Hakuna ratiba ukutani pale.

"Chiriku anakula," Mwanaidi akasema. Polepole, kama anajiambia mwenyewe.

"Chiriku mla vizuri ndiye ana pumzi. Mimi sikula, nikaanguka. Ulikuwepo. Ulipiga kelele wewe."

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa. Sasa hivi hapa naogopa. Mega."

Alimega kadogo, kama ka kumpa kifaranga. Akatafuna anaangalia mdomo wangu, kuona kama natafuna na mimi. Basi nikatafuna. Tulikwenda hivyo. Hatukumaliza sinia, lakini halikurudi kama lilivyokuja.

Nimeimba mbele ya maelfu. Nimemwagiwa sifa na walimu, na bodaboda, na watu wa ng'ambo ya ziwa. Sijawahi kujivuna kama leo. Naandika hivyo hivyo: najivuna. Nimekula ugali mbele za watu.


Jumatatu, 27 Oktoba

Leo kifungua kinywa kimenishinda. Daktari alisema siku hizi zitakuwepo, zisinitishe. Mchana nimekula. Basi.


Jumapili, 16 Novemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Ziwa halionekani, ukungu mtupu. Boti hazijatoka, kwa hiyo Baba yuko nyumbani, amelala kwenye mkeka redio ikiwa juu ya tumbo.

Wiki hii sikuimba. Ustadhi anasema sauti ikitulia tutajua ni ya namna gani, tusiiharakishe. Sina hamu ya kuijaribu asubuhi. Siku hizi nikiamka namwamkia Mama kwanza.

Mvua ilipopungua tukaenda na Mama kwa fundi cherehani. Nguo zangu zote zimekuwa fupi, kanzu ya Ijumaa inaishia juu ya kifundo kama ya kuazima. Fundi alikunjua upindo akautazama, akasema hapa hakuna kitambaa cha kuteremsha, huyu akatiwe mpya. Mama akachagua nyeupe. Nikanyoosha mikono, fundi akanipima, cherehani ya jirani yake inakwenda, mvua inadondoka kwenye bati.

Akauliza, "Niikate ikukae sawasawa?"

Nikamwambia aache nafasi mabegani.